Kabla ya Punje

Huko Mongbwalu, Ituri, mashariki mwa Kongo, dhahabu inajulikana kwa mwisho wake. Jiwe jeupe limetolewa shimoni, limepondwa likawa unga, unga umeoshwa juu ya mbao zilizotandikwa kitambaa, mashapo yamekandwa na zebaki, zebaki imechomwa ikaondoka na moshi wake wenye sumu, na kilichobaki ni kidonge cha manjano kinachopandishwa kwenye mizani. Kuanzia hapo kila mtu ni msimulizi: bei ya leo, mnunuzi wa Bunia, barabara ya kilomita themanini na kitu ambayo ni vumbi au matope kutegemea majira, mpaka wa Uganda, ndege, Dubai.

Hata ya nyuma yanasimuliwa. Mwaka 1903 wasaka madini wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliiona dhahabu katika mto Agola, na miaka miwili baadaye kazi ikaanza Kilo, karibu na Mongbwalu. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto, na 1966 ikageuzwa kuwa shirika la serikali, OKIMO. Vita vikaja. Mongbwalu ikashikwa, ikapokonywa, ikashikwa tena, watu wakauawa kwa sababu ya kabila lao na kwa sababu ya ardhi waliyoikalia, na mwaka 2019 jina la mji huu mdogo likasomwa The Hague, katika hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai dhidi ya kiongozi wa wanamgambo, Bosco Ntaganda. Yote hayo ni habari za dhahabu ikiwa imeshakuwa dhahabu. Nyuma ya 1903 simulizi inakatika ghafla, kana kwamba jiwe liliumbwa nayo tumboni.

Ninachokitafakari hapa kiko nyuma ya mwaka huo, nyuma ya mchimbaji wa kwanza na nyuma ya mtu yeyote. Ni tukio lisiloweza kuonekana kwa jicho wala kwa darubini ya kawaida: atomu chache za dhahabu zilizokuwa zikielea kila moja na njia yake zilikutana, zikashikana, na badala ya kuachana tena zikabaki pamoja. Hapo ndipo punje ilipoanza. Nimekuwa nikijiuliza kwa muda mrefu tukio hilo lilikwendaje, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ni swali kubwa kuliko bei.

Miamba ya ukanda wa Kilo ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Ilipokuwa bado kilomita nyingi chini ya ardhi, maji ya moto yalipenya ndani yake kwa kufuata nyufa. Yalikuwa na joto la nyuzi mia mbili na hamsini, mia tatu, pengine mia nne, na hayakuchemka kwa sababu mgandamizo wa miamba iliyoyalalia haukuyapa nafasi. Humo dhahabu haikung'aa. Kila atomu ilikuwa peke yake, imeshikwa katikati na vifungu viwili vya salfa na haidrojeni, na kwa kushikwa hivyo iliweza kusafiri ndani ya maji bila kutuama. Ilikuwa haba mno: katika tani nzima ya maji hayo dhahabu yote ingepimwa kwa miligramu, au kwa gramu chache pale maji yalipotajirika sana.

Kisha ardhi ikatetemeka. Mwaka 1988 wanajiolojia watatu, Richard Sibson, François Robert na Howard Poulsen, walieleza kwamba ufa mkubwa wa miamba hufanya kazi ya vali. Maji hujikusanya chini yake, mgandamizo hupanda, mwishowe ufa huteleza na tetemeko hutokea, maji hukimbia juu na mgandamizo huanguka kwa mara moja. Ufa hujiziba tena kwa kwatzi, na mzunguko huanza upya, mara nyingi mno. Mwaka 2013 Dion Weatherley na Richard Henley wakaongeza hesabu yao: ufa unapopanuka ghafla, maji yaliyomo huweza kugeuka mvuke papo hapo, na vyote vilivyoyeyuka ndani yake hukosa pa kukaa. Ndiyo maana dhahabu na kwatzi nyeupe huenda pamoja, na ndiyo maana mchimbaji anayefuata mshipa mweupe ndani ya jabali hufuata, bila kuambiwa, makovu ya matetemeko ya kale.

Maelezo haya ni mazuri na ninayapenda. Lakini yanaeleza kwa nini dhahabu ililazimika kutoka majini. Hayaelezi ilivyotoka. Kulazimika kuwa fuwele ni jambo moja, na kuanza kuwa fuwele ni jambo lingine, gumu zaidi, kwa sababu mwanzo wenyewe una gharama.

Aliyeiona gharama hiyo kwanza ni Mmarekani, Josiah Willard Gibbs, katika miaka ya 1870. Atomu iliyo ndani kabisa ya fuwele ya dhahabu imezungukwa na wenzake kumi na wawili, na kila mshikano unashusha nishati. Hapo atomu imetulia. Atomu iliyo usoni inakosa baadhi ya wenzake hao, kwa hiyo uso wote wa fuwele ni hasara. Mkulima anaijua hesabu hii. Ukilima kipande cha hatua tano kwa tano, ua wa kukizungushia utakugharimu kuliko mahindi utakayovuna. Ukilima ekari kumi, gharama ya ua ukiigawa kwa kila gunia inakuwa ndogo. Kundi la atomu tano au kumi ni ua mtupu. Karibu atomu zake zote ziko usoni, kila moja inayoongezeka inaongeza hasara, na kundi hilo lina sababu zaidi ya kuvunjika kuliko ya kukua. Hivyo ndivyo inavyokuwa mpaka lifike ukubwa fulani wa mpakani ambapo faida ya ndani inaipita hasara ya nje. Likivuka hapo linakua lenyewe.

Mwaka 1926, mwaka uleule ambao kampuni ya Kilo-Moto iliundwa, Max Volmer na A. Weber walichapisha Ujerumani hesabu ya kasi ambayo makundi kama hayo, yaani viini vya fuwele, huzaliwa. Sidhani kama mtu hata mmoja katika ofisi za kampuni aliisoma. Walikuwa na orodha za tani na za wafanyakazi, wengi wao waliokuja kwa kushurutishwa. Lakini hesabu ile ya Volmer ilikuwa habari ya jiwe walilolipasua kila siku: inasema kwamba kundi la kwanza linalovuka mpaka huvuka kwa bahati, baada ya makundi yasiyo na idadi kuundwa na kusambaratika, na kwamba badiliko dogo la joto au la wingi wa dhahabu majini linaweza kugeuza kusubiri kwa karne kuwa kusubiri kwa dakika.

Ushahidi wa gharama hiyo ulitolewa na dhahabu yenyewe. Kila kitabu kinasema dhahabu huyeyuka na kuganda kwenye nyuzi 1064 za Selsiasi. Mwaka 1950 David Turnbull na R. E. Cech, katika maabara ya General Electric huko Schenectady, Marekani, walichukua metali mbalimbali wakazigawa katika vitone vidogo sana, wakavipoza vikiwa chini ya darubini. Kitone kikubwa huwa na uchafu ndani yake, na uchafu ni mahali pa kushikia. Ukikigawa katika vitone vingi vidogo, vingi vyao havitakuwa na uchafu wowote, na hapo utaiona metali ikiwa peke yake. Vitone vya dhahabu vilibaki kimiminika hadi nyuzi kama 230 chini ya kiwango chao cha kuganda. Vilikuwa na kila sababu ya kuwa yabisi na havikuwa na pa kuanzia.

Katika chungu cha kuyeyushia cha mnunuzi wa Bunia hali hiyo haionekani. Mle kuna kuta za chungu, kuna boraksi, kuna mabaki ya mchanga. Dhahabu inapata pa kushikia na inaganda karibu kabisa na pale kitabu kinaposema. Vivyo hivyo chini ya Mongbwalu, mwanzo ulihitaji kuta: uso wa kwatzi, uso wa pirati (madini ya chuma na salfa), ukingo wa ufa. Uso wa kigeni unapunguza gharama ya ua, kwa kuwa upande mmoja umeshajengwa.

Afrika Mashariki inalo jina lake katika swali hili la kuganda. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanga, alitengeneza aiskrimu na wenzake kwa maziwa na sukari. Nafasi kwenye friji zilikuwa za kugombaniwa, naye akayaingiza maziwa yake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Aliuliza darasani akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni aliyekuja kuzungumza shuleni, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne alilipeleka swali hilo maabara, na mwaka 1969 makala yenye majina ya wote wawili ikachapishwa. Tangu hapo wanafizikia wamebishana. Wapo waliosema maji moto hupoteza mvuke, wapo waliotaja mzunguko wa maji ndani ya chombo, na mwaka 1995 David Auerbach alionyesha kwamba sehemu ya jibu inaweza kuwa hiihii ya Turnbull: maji nayo hupoa kupita kiwango chake yakisubiri kiini, na vikombe viwili vinavyofanana havianzi kuganda kwenye joto moja. Mwaka 2015 Jaehyeok Jin na William Goddard walilitafuta jibu ndani ya kompyuta, kwa kuiga molekuli za maji yaliyopozwa kutoka kwenye joto tofauti. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya na kusema hawakuliona jambo lenyewe likitokea kwa namna ya kutegemewa. Mjadala haujaisha. Mimi ninachokishika ni kwamba kijana wa Tanganyika aliyesimama mbele ya friji aliuliza mwanzo wa fuwele ukoje, na maabara za dunia nzima zinamjibu hadi leo.

Kwa nini zimechelewa hivyo? Kwa sababu mwanzo ni mdogo mno, mfupi mno na adimu mno. Kiini kinachohusika kina atomu kumi, mia, pengine elfu. Kinazaliwa ndani ya kimiminika, mahali ambapo hakuna anayejua pa kuelekeza darubini, na kikishavuka mpaka kinakua kwa kasi hata unapogeuka kukitazama tayari ni fuwele. Hapa ndipo kompyuta ilipoingia.

Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Andika mahali ilipo kila atomu na mwendo wake. Piga hesabu ya nguvu ambayo kila atomu inaipata kutoka kwa majirani. Isogeze kidogo kwa kanuni za Newton. Rudia. Mwaka 1957 Berni Alder na Thomas Wainwright, huko Livermore, California, walifanya hivyo kwa tufe ngumu zisizovutana hata kidogo, zinazogongana tu, wakakuta kwamba zikisongamanishwa vya kutosha zinajipanga safu kwa safu kama fuwele. Wengi hawakuamini, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba bila kuvutana hakuna mpangilio. Mwaka 1964 Aneesur Rahman, mwanafizikia kutoka India aliyefanya kazi Argonne karibu na Chicago, aliiga atomu 864 za agoni zinazovutana kikweli. Kwa metali ilibidi kusubiri zaidi, maana atomu za metali zinagawana elektroni zao kwa pamoja na nguvu kati ya mbili hutegemea zote zilizo karibu. Murray Daw na Michael Baskes walitoa njia ya kulihesabu hilo mwaka 1984, na kuanzia hapo dhahabu ikaweza kuwekwa ndani ya kompyuta ikatenda kama dhahabu.

Ugumu ulibaki kwenye muda. Hatua moja ya hesabu ni femtosekunde moja au mbili, yaani sehemu ya milioni ya bilioni ya sekunde. Ukipiga hatua milioni moja umefika kwenye sehemu ya bilioni ya sekunde, na kiini unachokisubiri kinaweza kuhitaji sekunde nzima au mwaka. Timu ya Masakazu Matsumoto, Shinji Saito na Iwao Ohmine huko Japani ilisubiri molekuli 512 za maji zigande zenyewe, na ilipochapisha matokeo mwaka 2002 ilikuwa habari kubwa, kwa sababu kusubiri huko kulikuwa kumewashinda wengine. Waliona kwamba barafu ilianza pale mishikano kadhaa yenye kudumu ilipotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja, ikatulia, na kujenga kiini kidogo kilichobadilika umbo mpaka kikaanza kupanuka kwa kasi.

Wengine waliamua wasisubiri. Glenn Torrie na John Valleau walikuwa wameshaonyesha mwaka 1977 kwamba unaweza kuusukuma mfumo kwa nguvu ya bandia mpaka ukae mahali ambapo peke yake usingekaa, ukapima, kisha ukaiondoa nguvu hiyo kwa hesabu na kubaki na ukweli. Kwa njia hiyo Pieter Rein ten Wolde na Daan Frenkel, huko Amsterdam katika miaka ya 1990, walikipandisha kiini kilima chake, yaani gharama ya nishati ya kufika mpakani, hatua kwa hatua na kuupima urefu wa kilima chote. Walikuta kitu ambacho Wilhelm Ostwald alikuwa amekihisi tangu 1897: kiini hakifanani na fuwele iliyokomaa. Moyo wake ulikuwa na mpangilio utakaodumu, lakini ngozi yake ilikuwa na mpangilio mwingine, wa mpito. Njia nyingine ni ya kupanda mbegu. Unakiweka mwenyewe kiini cha ukubwa fulani ndani ya kimiminika na kukitazama. Kikiyeyuka, kilikuwa kidogo. Kikikua, kilikuwa kikubwa. Ukubwa ambao nusu ya majaribio yanayeyuka na nusu yanakua ndio ule wa mpakani ambao Gibbs aliutabiri.

Kisha ikaja zamu ya dhahabu. Mwaka 2007 Eduardo Mendez-Villuendas na Richard Bowles, wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan nchini Kanada, walichukua kitone cha atomu 456 tu za dhahabu na kupima kilima chake katika viwango mbalimbali vya joto. Nadharia ya zamani hukiweka kiini katikati ya kitone, mbali na nje. Walikikuta pembezoni, usoni, kila mara. Umbo la kilima halikulingana na lile la vitabuni. Na watafiti wengine waliogandisha vitone kama hivyo kwenye kompyuta walikuta kwamba mara nyingi dhahabu haianzi na mpangilio wake wa kawaida. Inaanza na umbo la nyuso ishirini za pembetatu, atomu moja katikati na kumi na mbili kuizunguka. Charles Frank wa Bristol alikuwa ameshasema mwaka 1952 kwamba umbo hilo linapendeza kwa kundi dogo na haliwezi kuijaza fuwele kubwa, kwa hiyo metali inayoganda hulazimika kuuvunja mpango wake wa kwanza ili iendelee.

Sehemu hii naisoma polepole. Punje ambayo leo inapimwa Mongbwalu ni atomu zilizopangwa kwa utaratibu mmoja, safu juu ya safu, zikirudiwa mabilioni kwa mabilioni. Mtu akiitazama anadhani utaratibu huo ulikuwepo tangu mwanzo na ukaongezeka tu. Uigaji unasema sivyo. Mwanzoni kulikuwa na mipango kadhaa, mingine mizuri zaidi kwa kundi dogo, na ule ulioshinda ulishinda baadaye.

Mwaka 2021 jicho lilikutana na hesabu. Timu ya watafiti wa Korea Kusini na wa maabara ya taifa ya Berkeley, Marekani, ilitumia darubini ya elektroni yenye kasi kubwa kutazama dhahabu ikijikusanya juu ya karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja. Makundi madogo ya dhahabu yalionekana yakijipanga, yakavurugika, yakajipanga tena, mara nyingi, kabla ya kutulia. Kadiri kundi lilivyokua, ndivyo vipindi vya kuvurugika vilivyofupika, mpaka mpangilio ukabaki. Maelezo yao ni kwamba atomu mpya inaposhikana na kundi dogo hutoa joto, na joto hilo linatosha kuliyeyusha kundi zima. Kundi likiwa kubwa, joto hilohilo linagawanyika kwa wengi na halina madhara. Kwa hiyo hata ule mpaka mmoja wa Gibbs, wa kuvuka mara moja tu, hautoshi kueleza kilichoonekana.

Lazima nitaje pia mahali hesabu inapogoma. Mwaka 2001 Stefan Auer na Daan Frenkel walikokotoa kasi ya kuzaliwa kwa viini katika chembe ngumu zinazoelea kwenye kimiminika, zile zile tufe za Alder, na kuilinganisha na vipimo vya maabara. Katika baadhi ya hali tofauti ilikuwa ya mamilioni ya mara na zaidi, na miongo miwili baadaye bado inajadiliwa. Kasi hutegemea urefu wa kilima kwa namna kali sana, hivi kwamba kosa dogo katika nishati ya uso linazaa kosa la kutisha katika jibu. Tena kitone cha atomu 456 katika ombwe si mshipa wa kwatzi chini ya Ituri. Mle kuna maji, salfa, chumvi, kaboni, pirati, mgandamizo, tetemeko. Hakuna kompyuta iliyoyabeba yote hayo kwa pamoja.

Hata hivyo vipande vinakaribiana. Mwaka 2017 timu ya Yasushi Shibuta huko Japani iliiga atomu bilioni moja za chuma zikiganda, ikakuta kwamba viini vipya huzaliwa kando ya vile vilivyotangulia kuliko ilivyotarajiwa. Na mwaka 2024 Christopher Voisey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walitikisa vipande vya kwatzi ndani ya myeyusho wa dhahabu. Kwatzi ikibanwa hutoa umeme kidogo, na umeme huo uliifanya dhahabu itue juu yake; lakini ilipokwisha kutua kidogo, iliyofuata ilipenda zaidi kutua juu ya dhahabu iliyotangulia kuliko juu ya kwatzi. Kila tetemeko, kwa maelezo haya, liliinenepesha punje ileile. Nikifikiria mshipa wa Mongbwalu hivyo, nauona kama kazi ya mamilioni ya miaka iliyofanywa na mitikisiko ambayo hakuna aliyekuwepo kuihisi, na kila punje kubwa ina mahali pamoja ndani yake ambapo ilianza.

Mchimbaji anayesoma haya atauliza yanamsaidia nini, na ana haki. Jibu moja liko karibu na mikono yake. Zebaki hushika dhahabu iliyo huru, ambayo uso wake uko wazi. Dhahabu iliyoanzia ndani ya pirati, ikafunikwa na pirati iliyoendelea kukua, haishikwi. Inapita na maji na kubaki kwenye mchanga. Geita, Tanzania, mchanga huo wanauita marudio, na wenye mitaji hununua marudio na kuyaosha upya kwa sianidi, wakipata dhahabu ambayo aliyeichimba hakuipata. Mahali punje ilipoanzia, na juu ya uso gani, ndiko kunakoamua nani ataipata. Elimu ya mwanzo ina bei, na kwa sasa anayeilipa ni mchimbaji, kwa kuyavuta mafusho ya zebaki na kuuacha mchanga wenye mali.

Lakini nisingependa kuitetea elimu hii kwa faida peke yake. Mpemba hakuwa anatafuta faida. Watu wa Djugu, eneo ambamo Mongbwalu imo, wameambiwa kwa zaidi ya karne moja kwamba sehemu yao katika dhahabu ni jasho, na kwamba kuielewa ni kazi ya wengine: ramani ziko Brussels, sampuli ziko Johannesburg, hesabu ziko Kanada. Nalikataa jambo hilo kwa moyo wote. Bwawa la Budana kwenye mto Shari lilijengwa ili kuiwashia migodi ya Kilo umeme. Umeme huo, hata ukija kwa kukatikakatika, unatosha kuwasha kompyuta ya mkononi.

Na kompyuta ya mkononi inatosha kuanza. Programu ya LAMMPS, iliyoandikwa katika maabara za Sandia nchini Marekani na kutumiwa na watafiti wa metali duniani kote, hupakuliwa bure, na ndani yake mna faili la nguvu za atomu za dhahabu kwa njia ya Daw na Baskes. Atomu 456 hazihitaji mashine kubwa kama ile ya Japani. Mwanafunzi anaweza kuziyeyusha, kuzipoza chini sana ya kiwango chao, na kwa dakika chache tu za hesabu kupata nanosekunde nzima ya maisha yao, kisha akarudia jioni nzima mpaka aone usoni mwa kitone atomu za kwanza zikijipanga. Akirudia mara ishirini hataona mwanzo uleule mara mbili, na hilo litamfundisha kuhusu bahati katika maumbile kuliko sura nzima ya kitabu. Akitaka kwenda mbele aweke uso wa kwatzi kando yake. Hapo atakuwa ameanza kuuliza swali la ardhi yake mwenyewe, na baadhi ya majibu yake hayajaandikwa popote.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa fizikia, kemia na jiolojia wa Chuo Kikuu cha Bunia, na wana wa Ituri wanaosoma Kampala, Nairobi, Liège au Montréal: leteni zoezi hili darasani. Yeyote mwenye kompyuta ya zamani inayofanya kazi aitoe kwa shule ya Mongbwalu badala ya kuiacha kabatini. Zoezi halihitaji kibali cha kampuni wala leseni ya uchimbaji. Linahitaji mwalimu mmoja aamue kulifundisha muhula ujao.